Sauti ya Anayeuliza

Kosa la Joha katika kazi ya kuhoji watu lilikuwa moja tu, na lilimkera Zakayo kuliko vumbi la saruji. Joha hakuweza kunyamaza mtu akizungumza. Si kwamba aliwakatiza watu maneno. Alikuwa akiitikia. Mgeni akieleza alikozaliwa, Joha, "Naam." Mgeni akisema baba yake alilima ngano, "Naam." Wakifika penye uchungu, ile naam ilishuka ikawa nzito, kama ya mtu anayempokea mwenzake mzigo. Zote zilinaswa, na Zakayo, ambaye wiki nzima alikuwa fundi umeme huko Dubai Investments Park na siku yake ya mapumziko akawa fundi mitambo wa kipindi, ndiye aliyekaa kwenye kompyuta kuziondoa moja moja.

"Dada Joha, itikia kwa kichwa," alimwambia. "Tikisa kichwa tu. Kichwa hakina kelele."

Joha alijaribu, akashindwa. Alilelewa Tanga, kwenye kambi ya mkonge upande wa Muheza, na huko mtu anayesimuliwa jambo akakaa kimya huulizwa kama amenuna au amelala. Tena hiyo naam yenyewe ilikuwa na kesi tangu utotoni. Mtoto wa kike akiitwa husema abee. Joha akiitwa alisema naam, kama askari wa zamu. Mama yake alimkanya mpaka akachoka, maana kila alipomkanya palitokea mtu mzima akacheka na kusema mwache, hiyo kairithi.

Kipindi chao kilirushwa mtandaoni kila Ijumaa, kikasikilizwa na Waswahili wa Ghuba wakipika au wakifua nguo za wiki. Desemba ile ya 2014, tamasha la filamu la mji lilialika Waaustralia wengi, na Joha akatia nia ya kuwahoji watengeneza filamu wao: walianzaje, kazi wanaifanyaje, imewapa nini na imewanyima nini. Mumewe Amour, mtu wa Unguja anayefanya kazi mapokezi ya hoteli ndogo hapo Al Muraqqabat, upande wa Deira wa Dubai, alicheka sana.

"Waswahili wamejaa Deira nzima huna wa kumuhoji," alisema, "mpaka uwafuate watu wa kangaruu."

Joha alikuwa ameshawapata wawili. Mmoja alikuwa mwanamke kijana aliyejifunza kazi kwa kupiga picha harusi za binamu zake. Wa pili alikuwa mwanamume mnene aliyeendesha malori kwa miaka, akikusanya nguvu za kumaliza filamu moja tu ya maisha yake. Joha aliwapenda wote wawili. Aliona watu hawa nao walikuwa wametoka mbali na nyumbani wakidai kitu kisichoshikika, na hilo mtu wa Deira hahitaji kufafanuliwa.

Wa tatu alikuja nyumbani kwa njia ya gazeti.

*

Amour alilileta kutoka hotelini likiwa limefunga maandazi. Sebule yao ilikatwa katikati kwa pazia, na nyuma ya pazia ndipo alipolala Bi Masuda, mama yake Joha, aliyekuja kwa viza ya matembezi na ambaye Ijumaa ya wiki hiyo ilimlazimu kuondoka. Magoti yake yalikuwa yameshatoa hukumu kwamba hatapanda ndege tena baada ya hiyo. Alikuwa amekaa mkekani akichagua mchele. Maandazi yalipotolewa, akalikunjua gazeti ili asitupe kitu kizuri, na akabaki amelishika.

"Huyu Bwana Raseli," alisema. "Kazeeka, lakini masikio ni yale yale."

Joha alisogea kusoma. Picha ilikuwa ya Russell Penfold, mwongozaji mkongwe kutoka Australia, aliyekuja kutunukiwa heshima na tamasha. Habari ilisema alianza kutambulika kwa filamu aliyopiga kwenye mashamba ya mkonge ya Tanzania mwaka 1983.

Bi Masuda hakuhitaji kusomewa. Aliwakumbuka wazungu watatu na gari lao, na kamera iliyofunikwa kanga dhidi ya jua. Mumewe, Bwana Thuwein, alikuwa karani wa shamba na ndiye aliyejua Kiingereza, kwa hiyo walimwazima kwa mwenye shamba awe mkalimani. Bwana Raseli alinong'ona swali, Thuwein akaliuliza kwa Kiswahili, wakata mkonge wakajibu. Kisha gari likaondoka, filamu ikaenda kwao, na hakuna mtu wa kambi ile aliyeiona mpaka leo. Mwaka uliofuata Thuwein alishikwa na homa akafa.

Alichoacha kilikuwa kidogo. Kulikuwa na picha moja amevaa koti, ambayo mpaka leo inaning'inia Muheza. Kwa Joha kulikuwa na kumbukumbu moja, fupi kabisa: jioni, koti lile lile, na mkono unaotoka mfukoni ukamwekea kiganjani pipi ya mnanaa yenye mistari myekundu. Hakuwahi kujiuliza pipi zilitoka wapi. Mtoto haulizi hilo.

"Basi ataonekana," Joha alisema. "Tutamwona baba."

"Kuonekana si shida. Sura yake ninayo ukutani." Bi Masuda aliurudisha mkono kwenye sinia la mchele, akasukuma punje huku na huku bila kuchagua chochote. "Sauti imenitoka, mwanangu. Mwaka wa pili huu naitafuta siipati. Nikijilaza nikasema nimsikie anavyobisha hodi, anakuja mdogo wake. Sauti ya shemeji yangu ndiyo inayokuja. Namwonea haya marehemu hata ninapomwombea dua."

Amour alikwenda jikoni kutazama chai ambayo ilikuwa tayari mezani. Joha akasema maneno ambayo mtu mwenye busara huyapima kwanza.

"Nitakuletea kabla hujaondoka, mama."

Baadaye, wakikunja nguo, Amour alimwambia kuwa amejifunga kamba. Kisha, kwa kuwa alimpenda na alimjua, akampa shauri.

"Ukikaa kitako tu, muulize hilo. Usianze habari za nyumbani, habari za safari, wajukuu hawajambo. Mzungu hapewi siku nzima, anapewa robo saa. Mie nakujua wewe."

"Mara hii nitaanza na hilo," alisema Joha, na alimaanisha.

*

Msimamizi wa Joha kazini kwake, kule Airport Freezone, alimruhusu nusu siku, lakini si kabla ya kumwambia mbele ya wenzake kwamba kampuni inasafirisha mizigo, haitafuti nyota. Kwenye hoteli ya tamasha mlinzi alitazama baibui yake na viatu vya kazi vya Zakayo, akawaonyesha mlango wa wafanyakazi. Walizunguka jengo zima. Ndani, kwenye meza ya waandishi, binti wa Kiganda aitwaye Desire aliwauliza ni redio gani, na aliposikia ni ya mtandaoni akawaweka mwisho, nyuma ya televisheni zote zenye majina. Aliposikia wakinong'onezana Kiswahili, alilegea akawaletea maji.

"Nyinyi mtangoja," alisema. "Ule mzee amechoka. Anajibu watu maneno ile ile."

Walingoja mpaka Zakayo akasinzia. Zamu yao ilipofika, Penfold alikuwa amejikunja kwenye kiti kikubwa, amevaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi, mikono imejaa mabaka ya uzee. Hakuinuka. Alitoa tabasamu la mtu anayelipa ushuru.

Joha alikaa kitako. Swali lilikuwa mdomoni. Na hapo ndipo lilipokataa kutoka, kwa sababu mbele yake alikuwa amekaa mtu wa umri ambao baba yake angekuwa nao, tena mgonjwa wa uchovu, na huwezi kumkurupukia mzee wa namna hiyo kwa haja yako hata hujamjulia hali. Hilo halifundishwi, liko damuni. Akamuuliza, kwa Kiingereza, safari ilikuwaje. Akamuuliza magoti, maana alimwona anayasugua. Akamuuliza mama watoto hajambo.

Penfold akamwambia mkewe alifariki mwezi Machi.

Sasa hapo mtu afanye nini, aangalie saa? Joha alimpa pole, akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mzee akaanza kueleza. Zakayo nyuma ya kinasa sauti alifumba macho, kwa sababu dakika zilikuwa zikienda na naam zilikuwa zikimiminika. Mke huyo ndiye aliyekuwa mhariri wa filamu zake. Alikaa gizani na mkasi, akikata. "Naam," alisema Joha. Watu hudhani kazi yetu ni kupiga picha, mzee alisema, kumbe kazi ni kukata. "Naam." Kamera hukusanya tu, kama mtu anavyookota kuni. Na ukitaka kujua cha kwanza kinachokatwa, alisema, ni sauti ya anayeuliza.

"Ya anayeuliza?"

"Siku zote. Mtazamaji asijue kulikuwa na mtu pale. Aone kama msemaji ameamua mwenyewe kufungua moyo wake. Anayeuliza tunamfuta. Akifutika vizuri, ndiyo filamu nzuri."

Aliyekuwa akiuliza, kule mkongeni, alikuwa baba yake. Na Joha alikuwa amemwahidi mama yake sauti ambayo kazi ya watu hawa ni kuifuta. Alifungua mdomo kuuliza hata hivyo, na bega lake likaguswa.

"Dada, muda imeisha," alisema Desire kwa upole. "Anangojewa kwa chakula."

Khalas, basi tena. Zakayo alianza kukunja nyaya huku hamtazami. Amour alikuwa amesema, na Amour alikuwa amesema kweli, na sasa angerudi nyumbani na maneno mazuri kuhusu mke wa mtu mwingine. Machozi yalimlenga. Penfold, akisaidiwa kuinuka, alisema, bila kumlenga mtu hasa, kwamba tangu mkewe afariki hajaweza kukaa kutazama filamu zao za zamani, maana kila palipokatwa anauona mkono wake.

"Naam," alisema Joha, ile nzito, kwa sababu alimwelewa.

Mzee alisimama hapo hapo, nusu ameinuka.

"Hiyo," alisema. "Hiyo sauti unayotoa. Inanisumbua tangu tulipoanza."

Joha aliomba radhi. Alisema ni tabia mbaya, anajitahidi kuiacha, na fundi wake ataiondoa yote.

"Haitoki. Sisi tulijaribu." Penfold alirudi kitini polepole. "Nilikuwa na mkalimani mmoja Afrika. Mtu mwerevu, mstaarabu, nadhifu kuliko sisi sote. Nikamwambia, ukishauliza, nyamaza, waache watu waseme. Akasema sawa. Mtu akianza tu kusema: naam. Naam. Kila jibu. Nilimsihi, nikamfokea, nikamwambia anaiharibu filamu."

"Bwana Thuwein," alisema Joha.

Penfold alimkazia macho.

"Alikuwa baba yangu."

Desire alifungua mlango, akamwambia mtu wa nje kwamba mzee anakuja, lifti inasumbua. Akaufunga tena mlango na kuuegemea. Zakayo alikuwa bado hajazima kinasa sauti, na sasa aliuondoa mkono wake juu ya kitufe kama aliyeungua.

Mzee aliyasugua magoti yake. Kisha akasema alikuwa na kopo la pipi alizotumiwa na mama yake kutoka nyumbani, za mnanaa, zenye mistari myekundu. Ikamjia akili ya kumziba mtu yule mdomo. Kila asubuhi, mbele ya wakata mkonge wote, alimjazia kiganja na kumwambia: mtu akizungumza, tia moja mdomoni, ukiwa unamumunya hutaweza kusema. Na karani wa shamba, mtu aliyeheshimika na watu wale wote, alizipokea kwa mikono miwili akasema ahsante.

"Na haikusaidia. Kesho yake naam ni zile zile. Nikadhani anazitafuna upesi ziishe. Kopo likamalizika, nikaandika barua nikaletewa jingine. Mke wangu alipoanza kukata aliniambia haziondoki, zimelala chini ya maneno ya watu, ukizitoa unatoa na maneno. Tukaziacha. Zimo mpaka leo." Alimtazama Joha kama mtu aliyebeba swali dogo miaka mingi na hakupata pa kulitua. "Alipenda sana pipi, eti?"

Joha alitikisa kichwa kukataa. Kwa mara ya kwanza siku ile kichwa kilitosha, kisha hakikutosha.

"Hakuwa anazila," alisema. "Nilikuwa nakula mimi."

*

Bi Masuda alisikiliza habari yote bila kukatiza, ila kwa ehe zake. Joha alipofika kwenye kopo la pipi, uso wa mama ulibadilika.

"Mtu mzima," alisema. "Karani. Mtu aliyekuwa akisimamishwa barabarani awasomee watu barua zao. Anatiwa pipi mdomoni mbele ya vibarua kama mtoto anayelia."

Aliinuka, magoti na yote, akaingia nyuma ya pazia. Joha na Amour walitazamana. Amour alisema kwa sauti ya chini kwamba pengine lile la pipi lisingesemwa. Joha alikuwa akijilaumu vivyo hivyo. Alikuwa ameahidi sauti, akaleta fedheha, na fedheha ya mume haizeeki moyoni mwa mkewe.

Kutoka nyuma ya pazia kulisikika kitu kama kikohozi. Kiliendelea. Wakajua kuwa Bi Masuda anacheka, anacheka na kupenga kamasi kwa pamoja.

"Na mimi nikimgombeza," alisema huko huko. "Kila jioni. Namwambia unamwozesha mtoto meno, mwanamume wewe, pipi unazitoa wapi kila siku? Ananiambia kapewa. Nani anakupa? Mzungu. Kwa nini? Ananiambia, basi tu, ananipenda." Akatoka, ameshajifunga kanga vizuri. "Hiyo filamu inaonyeshwa lini?"

Ilikuwa inaonyeshwa Alhamisi mchana, siku moja kabla ya safari. Penfold alikuwa amemwambia Desire, na Desire alikuwa amewawekea nafasi tatu.

Usiniulize Joha alimwambia nini msimamizi wake Alhamisi ile. Alikwenda.

*

Ukumbi wa sinema ulikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Amour alikuwa amekuja na kanga ya ziada, akamfunika mama mkwe mabega. Viti vilijaa nusu, watu wa tamasha wenye vitambulisho shingoni, na Penfold safu ya mbele, kichwa cheupe peke yake. Taa zilizima.

Mkonge ulitokea, safu kwa safu, na nyuma yake Milima ya Usambara. Joha alisahau kupumua. Alikuwa hajui kwamba amekuwa akiukosa udongo ule mwekundu. Kulikuwa na reli ndogo ya shamba, kulikuwa na wanawake wanaanika nyuzi kwenye kamba mpaka uwanja mzima ukawa mweupe, na watoto waliotazama kamera kwa ukaidi wa watoto. Kisha mkata mkonge mmoja, mtu mwembamba mwenye makovu ya miiba mikononi, akaanza kueleza alivyofika pale kutoka kwao. Hakuitazama kamera. Alimtazama mtu aliyesimama kando yake, asiyeonekana, na kila alipotua alimwita jina.

"Basi, Bwana Thuwein, baba akaniambia nenda, utarudi."

"Naam," ilisema sauti.

Ilikuwa ndogo, ya chini, ya mtu asiyetaka kusikika na asiyeweza kujizuia. Joha alimgeukia mama yake. Bi Masuda alikuwa amefumba macho kabisa, mikono imekaa mapajani, uso hauonyeshi kitu.

"Mama, ndiye?"

"Nyamaza."

Wakaendelea kukaa. Alisema mwanamke wa nyuzi, na naam ikampokea. Alisema mzee mmoja aliyezika watoto watatu kambini, na hapo naam ikashuka ikawa nzito, Joha akaitambua, akashika mdomo wake kwa mkono. Lakini Bi Masuda hakufumbua macho wala hakusogea. Joha akaogopa. Labda imechelewa mno. Labda hata sasa masikio yake yanamletea shemeji. Kesho ndege ingeondoka naye, na angekwenda kulala Muheza chini ya picha isiyosema.

Kwenye skrini akaja kijana, mcheshi, akisimulia habari ndefu ya ng'ombe wa mwenye shamba. Alikuwa na desturi ya kutua kila penye kichekesho, asikie kama anafuatwa. Akatua. "Naam." Akaendelea, akatua. "Naam." Watu ukumbini walicheka. Kijana akaendelea, akameza mate, akatua mara ya tatu, na katika nafasi ile ndogo Bi Masuda akainua uso gizani, macho bado yamefumbwa, akaita kwa sauti ya mwanamke aliyeko jikoni anayemwita mtu aliyeko barazani.

"Baba Joha."

"Naam," alijibu Thuwein.

Mtu aliyekaa mbele yao aligeuka kutazama nani anapiga kelele. Bi Masuda hakumwona. Alijiegemeza kitini, akavuta kanga mabegani, akafumbua macho na kuanza kutazama filamu.